Machela Niliyoitia Kufuli

Wambeti, Mami,

Ukiikuta karatasi hii imekunjwa ndani ya buti zako za kazi, usidhani ni mama yako. Mama yako angeandika kwa mwandiko mzuri na angetia mistari ya Zaburi. Hii ni ya baba yako, aliyeacha shule kidato cha pili kwa hiari yake (wengine husema kwa hiari ya mwalimu mkuu), na ambaye hata hivyo anatengeneza malango mazuri kuliko fundi yeyote kuanzia hapa Kanja mpaka Runyenjes. Uliza mtu yeyote. Usimwulize Nyaga wa ngʼambo ya barabara.

Sasa hivi mko kanisani, kina mama wanakuombea safari. Mimi nimebaki hapa karakana, nimeketi juu ya debe la rangi, karatasi iko juu ya lango la mtu ambalo lilikuwa liishe jana. Mambo ya kuvaa miwani ukichomelea, ya kula mapema, ya kujihadhari na waya za stima, mama yako amekwisha kukuambia mara kumi na tano, na shosho yako, mama yangu, akaongeza zake. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja ambalo hakuna mwingine anaweza kukuambia, kwa sababu hakuna mwingine alilifanya vibaya kama mimi.

Kwanza tuseme wazi mambo yalivyo. Kesho unaenda Kanyakine kufungua karakana yako, na kwa miaka ishirini na miwili uliyoishi nimekuita Mami kwa sababu una jina la mama yangu, na pia kwa sababu unanigombeza kama yeye. Siku ya Jumanne uliniambia unataka Nyaga aje kesho asubuhi kwa chai ya kukuaga, akukabidhi nyundo mbele ya watu. Ukasema shosho alikueleza kwamba wafua chuma wa zamani hawakumwacha mwanafunzi afungue kiwanda chake kabla ya aliyemfundisha kumpa chombo kwa mkono wake. Na Nyaga, kwa maringo yake ya upole, akasema haingii boma ya mtu bila kuitwa na mwenye boma. Kwa hivyo maneno yote yakaniangukia mimi. Nivuke barabara nimwite, au nisivuke uende bila.

Nikakujibu, "Huyo akiingia kwa lango, mimi natokea lango lingine."

Ukasema, "Baba, hii boma iko na lango moja. Na ni wewe ulilitengeneza."

Mama yako alicheka akashika meza. Hata mimi nilikaribia kucheka, lakini nilijizuia kama mwanamume. Halafu ukasema kwa sauti ndogo, "Sawa. Nitaenda bila." Tangu hiyo siku hujanitania. Unaniamkia vizuri, unaniwekea chai, unasema "ndiyo Baba". Nyumba imekuwa kama ya wageni. Afadhali ungenitukana.

Basi acha nikueleze ule mzizi.

Nyaga na mimi tulikaa dawati moja darasa la saba. Mwalimu akiuliza swali, mimi jibu lilikuwa mdomoni, yeye lilikuwa kwa daftari. Unajua nani alipigiwa makofi, na si mimi. Nikaja hapa sokoni nikiwa kijana, nikafungua karakana, nikaandika kwa ukuta MURIITHI MALANGO NA MADIRISHA, herufi kubwa mpaka mtu aliye Embu mjini angezisoma kama si vilima. Miaka miwili baadaye huyo naye akamaliza shule yake yote, akaja akafungua ngʼambo ya barabara. Hakuandika jina. Hata leo hajaandika. Mtu wa kutojitangaza namna hiyo, Mami, ni mtu mwenye kiburi, ama ni mimi ndiye sielewi.

Malango yake yanasimama wima, sikatai. Lakini hayana sura. Mimi yangu yana simba wawili wakitazamana. Yeye huwaambia watu ni mbwa.

Kazi haikunisumbua, kazi ilinitosha. Kilichoniuma ni kitu kingine. Mvua ikinyesha, watu wa bodaboda walikimbilia kwake. Mama akitoka kituo cha majani chai amechoka, aliacha kikapu chake kwa Nyaga akaendelea na safari zake. Kengele ya shule ikipasuka, kwa Nyaga. Kabla ya mvua za Machi utaona majembe ya watu yamepangwa pale kama wanafunzi kwenye gwaride, anayanoa huku anawauliza habari za ngʼombe. Mimi nilikaa hapa nikiwatazama watu wakimpenda mtu mwingine, na nikaona kama ni mali yangu imeibwa.

Nikaanza kuiga. Nilirefusha mabati yangu mbele, nikaweka benchi ili watu wa bodaboda wajikinge. Walikuja siku moja. Nikatoka nikawauliza, mmoja mmoja, kama nyumbani kwao kuna lango. Siku ya pili mvua ilinyesha wakavuka wote ngʼambo, wakasimama wamebanana kwa Nyaga, na benchi langu likabaki na kuku.

Ile ya mpira unaikumbuka, ulikuwa mdogo lakini ulilia. Vijana wa hapa walikuwa wanahitaji jezi. Nikasema nitawapa, lakini timu ibadilishe jina, iitwe Malango na Madirisha. Wakakubali kwa sababu jezi zao zilikuwa zimeisha mgongo. Mechi ya kwanza tukaenda Karurumo tukafungwa sita. Kila bao likiingia, uwanja mzima unaimba, "Lango liko wazi, fungeni madirisha." Mimi nimesimama pale na kofia ya rangi ile ile ya jezi. Ukaniuliza njiani, "Baba, kwani wanatuimbia sisi?" Nikakuambia wanasifu kazi yangu.

Halafu ikaja machela.

Unajua vile miteremko ya huku ilivyo. Gari linafika barabarani tu, na nyumba nyingi ziko chini kule kwenye migomba, na mvua ikinyesha njia inakuwa kama imepakwa sabuni. Mgonjwa alikuwa anabebwa kwa kiti, au kwa blanketi, watu wanne wakiteleza. Nyaga akachukua gurudumu la wilbaro, mabomba mawili na wavu, akatengeneza machela ya kusukuma. Akaitundika kwa ukuta wa nje wa karakana yake kwa msumari. Hakuna kutangaza, hakuna kuandika. Aliye na mgonjwa anaichukua, akimaliza anarudisha. Wiki ya kwanza ilienda mara tatu.

Mimi sikulala, nikachora. Nikatengeneza yangu. Magurudumu mawili badala ya moja, springi chini, mahali pa kutundikia chupa ya dawa ya maji, rangi ya fedha. Mami, ile machela ilikuwa nzuri hata mzima angetamani kulazwa. Nikaandika jina langu kila upande, na namba ya simu. Nikaileta hata kanisani ikaombewa. Pasta alisema neno zuri, mimi nikasema marefu zaidi.

Na nikaitia kufuli.

Watu waliniuliza kwa nini, nikasema wezi. Uongo. Chuma kama kile hapa kijijini kingeibwa na nani, akipeleke wapi, na jina langu limeandikwa pande zote? Niliifunga kwa sababu nilitaka waje. Nilitaka mtu aje hapa amesimama na shida yake, aseme, "Muriithi, tafadhali." Nitoe ufunguo mfukoni polepole, nimfungulie. Ya Nyaga mtu anaichukua hata Nyaga hayuko. Sasa mtu kama huyo anapata shukrani saa ngapi?

Sehemu inayofuata unaijua kuliko mimi, kwa sababu wewe ulikuwako na mimi sikuwako. Nilikuwa Embu mjini kununua vyuma, ufunguo uko mfukoni mwangu. Shosho yako akateleza akitoka kuchuma mboga, nyonga ikavunjika, akalala pale kwenye tope akiita. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulipanda mteremko ukaja hapa, ukakuta ile ya fedha imefungwa kwa mnyororo, jina la baba yako linangʼaa. Ukavuka barabara. Nyaga akaacha moto ukiwaka, mkashuka na ile yake ya gurudumu moja, na majirani, mkampandisha mama yangu.

Mimi nilifika hospitali jioni. Nilikukuta kwenye benchi, sketi yako ya shule imejaa tope mpaka kiunoni. Kitu cha kwanza nilikuuliza, sikusema "Yuko aje?"

Nilisema, "Mmemleta na ya nani?"

Ulinitazama. Miaka minane imepita na mimi bado naliona lile jicho, na mama yangu alikuwa ndani analia kwa maumivu. Alipona, anatembea na fimbo, fimbo yenyewe anaitumia zaidi kuonyesha makosa yangu kuliko kutembea. Lakini wewe wiki iliyofuata ulianza kupitia kwa Nyaga ukitoka shule. Kwanza kunyoosha misumari, halafu kushika bomba, halafu siku moja nikaona cheche ngʼambo ya barabara na nyuma ya ile ngao ya uso nikaona vidole ni vya mwanangu.

Ndiyo, najua. Ulikuja kwangu kwanza. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukaniambia, "Baba, nifundishe," nami nikakuambia msichana na moto wa stima wapi na wapi, nenda umsaidie mama yako. Nilisema mbele ya wateja, wakacheka, nikafurahi kwamba nimechekesha. Kwa hivyo hilo nalo nilimpa Nyaga kwa mikono yangu. Mwenzangu hakuiba kitu. Nilikuwa natupa, yeye anaokota.

Sasa kuna jambo ambalo hulijui. Mama yako pia halijui.

Miezi michache baada ya shosho kuvunjika, Jumapili moja, watu wote kanisani, mimi nilisema kichwa kinaniuma. Nikavuka barabara. Nikaitoa machela ya Nyaga kwa msumari, nikaigeuza juu chini pale chini ya mabati yake. Nilikuwa natafuta kasoro. Nisikudanganye, nilikuwa nataka kasoro vile mtu anataka maji.

Nikaipata. Kiungo cha katikati, pale uzito wote unapokaa, kilikuwa kimechomelewa kwa haraka, chuma kimevimba kama kinyesi cha kuku, na chini kimeanza ufa mwembamba. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikasema, haya, fundi wa watu.

Lakini nikiwa pale nimeinama nikaona mengine. Mishikio ilikuwa imezungushiwa vipande vya blanketi, si kazi ya Nyaga, ni ya mtu mwingine aliyeumwa na mikono akibeba. Juu ya wavu kulikuwa na godoro dogo limeshonwa na uzi wa gunia, mshono wa mwanamke. Mtu wa bodaboda alikuwa amefunga kengele ya baiskeli ili watu wapishe kwenye kona. Kulikuwa na mkanda wa suruali wa kumshikilia mgonjwa asiteleze, na mwavuli ulioisha umepigwa waya upande wa kichwa. Kila mtu aliyeitumia alikuwa ameongeza kitu. Nyaga alikuwa amewapa mabomba na gurudumu, wao ndio wakatengeneza machela.

Nikageuka nikaitazama yangu ngʼambo. Imekamilika. Inangʼaa. Hakuna mkono uliokuwa umeigusa, wala hakukuwa na mahali pa kugusa, kwa sababu nilikuwa nimejaza kila mahali na mimi mwenyewe.

Hilo ndilo ninalotaka uende nalo Kanyakine. Usifike pale wiki ya kwanza ukawatengenezea watu wa huko South Imenti machela. Pengine wao shida yao si mteremko. Pengine ni kivuko cha mto, pengine ni dirisha la zahanati halifungi na mama waliojifungua wanapigwa na baridi. Utajuaje? Kukiwa na mazishi, nenda, uoshe sufuria na wanawake, usiseme wewe ni fundi. Watakuambia wenyewe kabla ya sufuria ya tatu. Kimeru cha huko utakisikia nusu, hiyo nusu inatosha, na ile nyingine itakufundisha unyenyekevu ambao kwa upande wangu hukurithi. Ukiwapa kitu, kiachie mahali wazi pa mtu mwingine kutia mkono. Na akija msichana akakuambia "nifundishe", usitafute kuchekesha wateja.

Wivu je? Utakupata, damu yangu unayo. Utaona fundi mwingine ngʼambo ya barabara anapendwa, na utaanza kumhesabia wateja. Mimi sina dawa yake. Ningekuwa nayo ningekunywa. Ninaweza tu kukuambia nilichofanya ile Jumapili.

Niliibeba ile machela nikavuka nayo. Nikaukata ule ufa kwa grinda, nikachomelea upya, taratibu, mshono umelala kama msuko wa nywele. Sikufanya kwa wema, usinipambe. Nilishindwa tu kuona kazi mbaya ikibeba watu. Kabla ya kanisa kutoka nilikuwa nimeirudisha kwa msumari, nimepaka masizi mahali papya pasionekane. Kwa hivyo siku yoyote ukisikia watu wakisifu machela ya Nyaga, na wanaisifu sana, jua katikati yake, pale uzito unapokaa, ni baba yako. Nimekaa na hilo neno miaka minane, mimi ambaye siwezi kukaa na siri ya keki ya siku ya kuzaliwa.

Na yeye alijua. Siku tatu baadaye tulikutana kwenye hoteli tukinywa chai, akaketi karibu nami, akasema chini chini, "Muriithi, mkono wako naujua. Tangu darasa la saba."

Nikasema, "Mkono gani? Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma."

Akasema, "Pole ya kichwa." Akaninunulia mandazi. Hakumwambia mtu, hata wewe uliyekuwa unashinda kwake. Unaona vile huyo mtu anaudhi? Hata siri yangu ameitunza vizuri kuliko ningeitunza mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikata ile kufuli yangu kwa grinda, ingawa ufunguo nilikuwa nao. Hakuna aliyeuliza. Ile ya fedha sasa inabeba mbolea kwa mama wa jirani, jina langu limefutika upande mmoja, na hapo ndipo ilipoanza kuwa na kazi.

Nimesimamisha kalamu hapa nikatoka kidogo. Sasa nimerudi, naendelea.

Nimevuka barabara. Nyaga alikuwa anafagia. Akaniona, akaegemea ufagio, akasema, "Eh, mkubwa. Umepotea?"

Nikamwambia, "Kesho asubuhi kuna chai kwangu. Uje."

"Nije kama nani?"

Huyo mtu, Mami. Alijua. Alitaka nitapike lote. Nikatazama barabara kama hakuna mtu anayenisikia, nikasema, "Kama aliyemfundisha mtoto wangu."

Hakucheka, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Akasema, "Nyundo ningeiacha kwako jioni hii, umpe wewe. Wewe ndiye mzazi."

Na nikakubali, unasikia? Nikaunyosha mkono kabisa. Akaitoa nikaiona, kichwa kimesuguliwa, mpini mpya wa mti mgumu wa muiri, ameufanya mwembamba kwa kiganja chako. Hicho kipimo mimi sikijui. Sijawahi kukushika mkono kazini. Nikaurudisha mkono mfukoni.

Nikamwambia, "Hapana. Utampa wewe. Uje na bibi yako, na usichelewe, chai yangu haingoji watu."

"Simba wako hawataniuma kwa lango?"

"Si ulisema ni mbwa."

Basi ndivyo ilivyo. Kesho ataingia kwa lile lango moja, atakupa nyundo mbele ya shosho, na mama yako, na wale wote wanaompenda kuliko mimi. Mimi nitasimama kando yake. Nitaiona mikono yake ikikupa na yako ikipokea, na itaniuma, sitakudanganya eti haitauma. Usinitazame uso wakati huo. Tazama mikono yangu, nitakuwa napiga makofi.

Baba yako,
Muriithi